Mwanangu, kaiti na bahari niliyomkataza

Saa nane na nusu mchana, Paje, kusini-mashariki mwa Unguja. Nimekaa mchangani, kanga kichwani, simu mkononi lakini siitazami. Mita kama mia moja mbele yangu, kijana wangu wa kwanza ametoweka ndani ya maji kwa mara ya kumi na sita. Najua ni ya kumi na sita kwa sababu nahesabu.

Kaiti yake ina mita za mraba tisa. Kwa sisi tuliopanga Dar es Salaam hicho ni chumba cha futi kumi kwa kumi, kinachoruka angani kikiwa kimefungwa kamba kiunoni mwa mtoto. Imeanguka juu ya maji kwa kishindo kilichofika hadi nilipokaa. Kisha kichwa chake kinaibuka. Anatema maji, anafuta macho, anaangalia huku na huku akitafuta ubao.

Nilitaka kupiga kelele, lakini asubuhi ile mwalimu wake alikuwa amenionya. "Mama, ukimwita atakuangalia wewe. Akikuangalia wewe, haangalii kaiti. Kaiti ikianguka, ndiyo hayo unayoyaogopa."

Nikanyamaza. Ile ilikuwa siku ya nne, na jioni yake mwanangu aliniambia anataka kurudi nyumbani.

Nyumba isiyokwenda baharini

Sisi tunaishi Tegeta, Kinondoni. Ukipanda bodaboda, bahari ya Kunduchi haiko mbali. Pamoja na hayo, watoto wangu watatu wamekua bila kuijua. Sikukuu wenzao wakienda Coco Beach, wangu walikwenda kwa bibi Mbagala. Shule ikiandaa safari ya kisiwa cha Mbudya, mimi nilikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ni mdogo wangu. Alizama tukiwa watoto, siku ya Jumapili, kwenye maji ambayo watu wazima walikuwa wamesimama ndani yake yakiwafika kifuani. Hakuna aliyesikia kelele kwa sababu hakupiga kelele. Watu wengi hudhani anayezama hupunga mikono na kuita kama kwenye filamu. Mtu anayezama hana pumzi ya kuita. Mdomo wake unazama na kuibuka, mikono inakandamiza maji, na baada ya muda mfupi sana amekwenda.

Baada ya hapo mama yetu alipiga marufuku bahari, na mimi nikairithi marufuku ile kama mtu anavyorithi kabati. Kila habari ya meli iliipa nguvu: MV Bukoba mwaka 1996 nikiwa msichana, MV Spice Islander mwaka 2011, MV Skagit mwaka uliofuata ikiwa imetoka hapa hapa Dar, na MV Nyerere mwaka 2018. Kila mara nilijiambia, si unaona?

Jambo ambalo sikuliona kwa miaka yote hiyo ni kwamba marufuku haimfundishi mtoto kuogelea. Inamfanya tu aende kwa siri. Mwanangu alikuwa akienda Kunduchi na wenzake tangu kidato cha pili, anasimama maji ya kiunoni, anarudi na nguo kavu ya akiba kwenye begi la shule. Miaka miwili sikujua.

"Huyu hata kuogelea hajui"

Habari ya kaiti ilianza na video ya simu. Mjomba wake anaishi Jambiani, na alimtumia picha za vijana wa kule wakiteleza juu ya maji, wamesimama kwenye ubao, wakivutwa na tiara kubwa. Kijana alikuwa anajiandaa na mtihani wa kidato cha nne, na ombi lake lilikuwa moja: akimaliza mtihani Novemba, aende kwa mjomba akajifunze wakati anasubiri matokeo.

Mchezo huu si wa zamani sana. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio waliosajili mwaka 1984 hataza ya kaiti yenye mirija ya hewa, ambayo ikianguka majini inaelea na inaweza kunyanyuka tena. Mwaka 2024 aina yake moja ya mashindano iliingia Olimpiki ya Paris kwa mara ya kwanza. Pwani yetu imeingia kwenye mchezo huu kwa sababu ya pepo mbili ambazo mababu walizitumia kwa majahazi. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, kusi huvuma kuanzia Juni hadi Septemba. Ufukwe wa Paje unatazama mashariki, kwa hiyo pepo zote mbili zinapita kwa ubavu na kumrudisha mtu kidogo nchi kavu. Mbali kule mbele kuna mwamba unaovunja mawimbi. Ndani ya mwamba maji ni tulivu na ya kina kifupi.

Mimi nilikataa. Baba yake hakukataa wala hakukubali. Alikaa kimya siku mbili, kisha mezani akauliza swali moja: "Huyu hata kuogelea hajui, ataendaje kufungwa kwenye tiara baharini?"

Kijana akasema anajua. Jumamosi ile baba yake alimpeleka kwenye bwawa la hoteli moja, akalipa kiingilio, akamwambia vuka. Alifika katikati, akashika ukingo.

Hivyo ndivyo masharti yalivyopatikana. Mtihani kwanza. Baada ya mtihani, kuogelea. Akiweza kuogelea mita 200 bila kushika kitu na kuelea chali dakika kumi, ataenda Paje. Asipoweza, hakuna safari. Mimi moyoni nilikuwa na hakika hataweza.

Tulimpata kijana wa Kunduchi anayefundisha watoto, na kwa wiki tano alikwenda kila siku isipokuwa Jumapili. Kumbe kuogelea kwa mtu wa miaka 17 kugumu kwake hakuko miguuni wala mikononi. Kuko shingoni. Mtoto wa miaka saba ukimwambia lala chali juu ya maji analala. Huyu wetu alikuwa akikaza shingo na kunyanyua kichwa aone anakoelekea, na kichwa kikinyanyuka miguu inazama. Wiki nzima ya kwanza alifundishwa kitu kimoja tu, kulaza kichwa mpaka masikio yaingie majini na kupumua. Mwalimu aliweka kiganja chini ya kisogo chake, siku moja akakitoa bila kusema.

Kabla ya Krismasi alielea dakika kumi na mbili. Baba yake ndiye aliyeshika saa.

Mikono inayokaza

Nilichukua likizo nikamsindikiza. Boti ya asubuhi, kisha daladala kutoka mjini hadi Paje. Sikuwa nakwenda kutembea. Nilikuwa nakwenda kuona kwa macho yangu.

Nilichotarajia ni kumwona akiingia baharini siku ya kwanza. Hakuingia. Siku ya kwanza na nusu ya siku ya pili alikuwa mchangani, na kaiti ndogo ya mafunzo isiyozidi mita tatu za mraba.

Hapo ndipo shida ya kwanza ya kila mwanafunzi inapoonekana. Kaiti inaongozwa kwa fimbo unayoishika kwa mikono miwili. Ukiivuta fimbo kwako, kaiti inakamata upepo zaidi na kukuburuta. Ukiisukuma mbali au ukiiachia, kaiti inapoteza nguvu. Sasa fikiria mtu aliyeshtuka anafanya nini. Anakaza mikono na kuvuta! Ni kama yule anayejifunza pikipiki, akiona ukuta mbele anashika hendeli kwa nguvu na mafuta yanaongezeka. Mwanangu aliburutwa mchangani kwa magoti mara nyingi, kila mara ameishikilia fimbo kama anayening'inia kwenye tawi.

Mwalimu wake, kijana wa hapo hapo kijijini, alimpa zoezi ambalo kwangu lilionekana la kitoto. Aongoze kaiti kwa vidole viwili vya kila mkono, huku akisimulia alichokula jana. Mtu anayesimulia anapumua, na anayepumua hakazi.

Shida ya pili sikuitarajia, na sidhani kama wageni wanaipata. Walimu wa kaiti wamesoma kwa Kiingereza, na angani wanapaeleza kwa saa ya ukutani. Juu kabisa ya kichwa ni kumi na mbili, kushoto juu ni kumi, kulia juu ni mbili. Mwalimu akasema kwa Kiswahili, "Peleka saa kumi." Mtoto wa Kiswahili akisikia saa kumi anaona mshale mfupi uko kwenye nne, kulia chini. Akaipeleka kulia chini, na kaiti ikampiga mwereka. Ilibidi wakubaliane upya: "juu", "bega la kushoto", "bega la kulia". Kuanzia hapo makosa ya namna hiyo yakaisha. Nimeandika hili kwa kirefu kwa sababu najiuliza ni watoto wangapi wanaitwa wazito wa kuelewa kumbe ni saa tu.

Kitu kingine cha mchangani kilinipunguzia hofu. Kabla ya kugusa maji, mwalimu alimfundisha kujitoa. Kwenye mkanda mpana wa kiunoni kuna kifungo chekundu. Ukikisukuma, kaiti inakata nguvu na kuanguka. Alimwambia afumbe macho akitafute. Mara ishirini, thelathini, akiwa amesimama, akiwa amelala, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Nikamwomba anifundishe na mimi. Alicheka lakini alinifundisha.

Kumeza bahari

Siku ya tatu ndipo wakaingia majini, bila ubao. Mwanafunzi analala kifudifudi, jaketi okozi kifuani, kofia ngumu kichwani, kaiti inamvuta majini kama mtumbwi usio na mtu. Lengo ni ajue kwenda na kurudi bila ubao, kwa sababu ubao utapotea kila akianguka, na atakayeufuata ni yeye.

Hapa kuogelea kulijilipa mara moja. Alikuwapo mwanafunzi mwingine, mtu mzima, mgeni, ambaye kila maji yakimgusa uso aliachia kila kitu na kutafuta chini kwa miguu. Mwanangu alimeza maji ya kutosha, lakini uso kulowa haukumtisha. Wiki zile tano za shingo ndizo hizo.

Siku ya nne akapewa ubao, ndiyo siku niliyoanza nayo simulizi hii. Kwa mtu anayetazama kutoka mchangani kazi inaonekana rahisi. Unakaa majini chali, miguu ndani ya mikanda ya ubao, kaiti juu ya kichwa. Unaishusha upande unaotaka kwenda, inakuvuta, unasimama. Sekunde tatu.

Ndani ya sekunde hizo tatu yeye alikuwa na makosa matatu yanayopokezana. Akiishusha kaiti kidogo, ananyanyuka nusu kisha anakaa tena kwenye maji. Akiishusha sana, anarushwa mbele kwa uso, ubao ukibaki nyuma. Na ikitokea ameishusha sawasawa, ananyoosha miguu haraka asimame wima, ubao unachimba maji kama jembe, anaanguka. Mara ishirini na tatu alasiri ile. Nilihesabu zote.

Jioni alikula kidogo. Mabega yalikuwa yamevimba, macho mekundu kwa chumvi, mguu umechomwa na wale wadudu wa baharini wa miiba mirefu myeusi, mjomba wake amempaka utomvu wa papai. Akasema, "Mama, mimi hii siiwezi. Twende tu nyumbani."

Nitasema ukweli. Nilifurahi. Neno "twende" lilikuwa tayari mdomoni. Ningemwambia si kitu baba, umejaribu, kesho tunapanda boti. Na ingekuwa mimi ndiye niliyeshinda, si yeye aliyeshindwa.

Huyo mjomba wake ndiye aliyeharibu mpango wangu. Hakumbembeleza wala hakumhutubia. Alimuuliza tu ameanguka vipi, mbele au nyuma. Kijana akasema mwanzoni nyuma, mwishoni mbele. "Basi umeongeza nguvu kupita," akasema mjomba, "asubuhi hukuwa na nguvu, jioni zimezidi. Katikati hujapita bado." Wakaanza kubishana kuhusu magoti. Nikaona mtoto anachukua sahani tena.

Siku niliyofukuzwa ufukweni

Siku ya tano mwalimu aliniita pembeni kwa heshima zote. "Shikamoo mama. Naomba leo usikae pale." Alisema kila mwanangu akianguka anageuka kwanza kunitazama mimi, kabla ya kutazama kaiti. "Anaogopa kukuogopesha."

Neno hilo lilinikaa. Nikaondoka, nikatembea ufukweni kuelekea Jambiani.

Maji yalikuwa yamekupwa. Ilikuwa siku za bamvua, na kule bahari ikipwa kwa bamvua unaweza kutembea mbali sana hadi usikie sauti za watu wa ufukweni kama za jirani wa mtaa wa pili. Wanawake walikuwa kwenye mashamba ya mwani, vigingi na kamba safu kwa safu. Kilimo hiki kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na Paje na Jambiani ni miongoni mwa vijiji vya mwanzo. Nikakaa na kina mama watatu wakifunga mbegu kwenye kamba.

Nilidhani watalaumu kaiti. Walilaumu kidogo: wageni wasiojua wanapita na kukata kamba, na shamba likikatwa hakuna anayelipa. Lakini mmoja wao mwanawe ni mwalimu wa kaiti, na hakuwa na haya kusema kwamba mwanzoni alimkatalia, akauita mchezo wa wazungu. Nikawauliza kama wao wanajua kuogelea. Wakatazamana wakacheka. Wanaingia baharini tangu wasichana, maji yanawafika hapa, akaonyesha kifua, na kati ya wale watatu hakuna anayejua.

Nilikaa nao hadi maji yakaanza kurudi. Niliporudi Paje sikumkuta mwanangu mahali pake. Moyo ulinipasuka, mpaka nilipomwona kwa mbali, upande wa kusini, anakuja kwa miguu, ubao kwapani, kaiti juu ya kichwa, mwalimu pembeni yake. Alikuwa amesimama. Mara nne, alisema, na ya mwisho alikwenda "kutoka hapa mpaka pale kwenye mnazi". Upepo ulikuwa umemsukuma kuelekea Jambiani, na kwa kuwa hakujua bado kurudi dhidi ya upepo, alirudi kwa miguu.

Nilimuuliza nini kilibadilika. Hakusema ujasiri, hakusema maombi. Alisema: "Niliacha kusimama. Nikakaa kama niko kwenye kigoda, nikaiacha kaiti ininyanyue yenyewe." Na macho. Mwalimu alimkataza kuangalia miguu na kumpa jengo moja la kuangalia ufukweni. Mwili unafuata macho, hata kwenye baiskeli ni hivyo.

Safari ya kurudi kwa miguu

Siku nne zilizofuata nilizoshuhudia hazina mengi. Alisimama, akaanguka, akarudi kwa miguu. Kila anayejifunza hupitia huko, na ndipo wengi wanapoachia, kwa sababu kusimama kunakuja ndani ya siku chache ila kurudi ulikotoka kunaweza kuchukua wiki. Walimu hukadiria saa nane hadi kumi na mbili za mafunzo mpaka mtu asimame na kwenda mita kadhaa. Baada ya hapo ni mazoezi yako mwenyewe.

Ndipo linapokuja suala la fedha, ambalo wazazi wenzangu wataniuliza. Kozi nzima kwa bei ya ufukweni ni mamia kadhaa ya dola, bei iliyopangwa kwa watalii. Sisi hatukuwa nayo. Mjomba wake alizungumza na watu wa pale, kijana akawa anasaidia: kujaza kaiti hewa kwa pampu, kushika kaiti ya mwanafunzi inaponyanyuka, kusuuza vifaa kwa maji baridi jioni. Akafundishwa saa ambazo hakuna mteja. Vijana wengi wa vijiji vya pwani ile walianza hivyo. Lakini nawaambia wazi, asikudanganye mtu kwamba mwanao akijifunza mwezi mmoja anakuwa mwalimu na kulipwa dola. Kuna cheti, kuna lugha, kuna miaka ya kuijua bahari, na msimu upepo ukilala hakuna kazi.

Kwa anayefikiria kumpeleka mtoto, haya ndiyo ningeyauliza kabla ya kutoa hata shilingi. Mwalimu ana cheti, na wanafunzi wangapi kwa wakati mmoja? Akisema wanne kwa kaiti moja, ondoka. Kofia na jaketi vipo vya ukubwa wa mtoto? Shule nyingi huangalia uzito kuliko umri, maana mtoto mwepesi ananyanyuliwa na upepo ambao mtu mzima hausikii. Wanafundisha wakati gani wa maji? Mwanafunzi mpya anahitaji mahali anapoweza kusimama, na kule maji ya bamvua yanaweza kupanda na kushuka kwa mita tatu na zaidi kati ya asubuhi na mchana. Nani anayekwenda kumfuata akisukumwa mbali, na kwa chombo gani? Mwombe akuonyeshe hicho chombo.

Na tafadhali, asianze mwenyewe hapa Dar kwa kaiti ya kuazima. Nimewaona vijana wakijaribu, na upepo wa kutoka nchi kavu kwenda baharini hauonekani hatari kwa sababu ufukweni maji yanakuwa laini kama kioo. Huo ndio unaompeleka mtu asikorudi.

Kuogelea kwanza, lakini. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, karibu robo yao watoto wasiofika miaka mitano. Shirika hilo hilo linashauri watoto kuanzia miaka sita wafundishwe kuogelea na kujiokoa. Kwetu bado tunadhani ni jambo la shule za gharama. Kaskazini mwa Unguja ulikuwepo mradi wa Panje uliofundisha wasichana na kina mama kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kujisitiri. Picha zao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Mojawapo ni ya msichana anayefundishwa kuelea chali. Nilipoiona nilitazama shingo yake kwanza.

Jumamosi saa mbili

Mimi nilirudi Dar baada ya siku tisa, kijana akabaki. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka akiwa huko huko. Amepata daraja la pili, na kidato cha tano anakwenda. Kuhusu kaiti, mwisho wa Februari alipiga simu usiku. Hakunisalimu vizuri, akasema tu, "Mama, leo sikurudi kwa miguu." Nilijua anamaanisha nini. Nikampa simu baba yake, kwa sababu sauti yangu haikuwa sawa.

Nyumbani sasa kuna kesi nyingine. Mdogo wake wa kike, ana miaka tisa, ameuliza kwa nini kaka alilipiwa mwalimu wa kuogelea na yeye hajalipiwa. Bibi yake wa Mbagala hataki kusikia. Amenipigia mara tatu, na mara ya tatu alimtaja mdogo wangu kwa jina, jambo ambalo halifanyi. Sikubishana naye. Nilimwambia, mama, naomba uje umtazame, ukae pale pembeni ya bwawa, ukiona vibaya tunaondoka.

Nimemshonea mtoto suruali ndefu ya kuogelea na blauzi ya mikono. Somo la kwanza ni Jumamosi saa mbili asubuhi. Bibi hajasema anakuja, lakini jana aliuliza tunapanda daladala gani.